Kioo kirefu hakikunisaidia: jinsi nilivyotuliza upepo kwenye pikipiki ya safari

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na kwa kuwa viwanja na mashamba ninayoitwa kuyapima yametapakaa katika wilaya zinazolizunguka Ziwa Victoria, nimezoea kusafiri kwa pikipiki yangu mwenyewe badala ya kusubiri mabasi. Ni pikipiki ya safari ndefu, ya silinda mbili na cc 650, iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika kwingine, yenye kioo cha mbele, masanduku mawili ya pembeni na siti pana inayomtosha mke wangu anapoamua kufuatana nami. Njia ninayoipita mara nyingi kuliko zote ni ya kutoka Mwanza kwenda Musoma, kilomita zipatazo 220, kupitia Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda. Kwa muda mrefu nilikuwa nikifika Musoma shingo imekakamaa, macho yamechoka kana kwamba nimekesha nikisoma, na masikio yanavuma hadi wakati wa kulala. Nilisingizia jua, nikasingizia umri, nikasingizia kutokunywa maji ya kutosha. Kumbe chanzo kilikuwa upepo, na upepo wenyewe ulikuwa umevurugwa na kioo kile kile nilichokitegemea kinikinge.

Dalili zilikuwa na mpangilio wake. Hadi kilomita 70 kwa saa mambo yalikuwa shwari. Nikifika 80 sauti ilianza kubadilika kutoka mvumo kuwa mapigo, kama mtu anayekung'uta mkeka nyuma ya masikio yangu, na nikifika 95 helmeti ilitikisika kiasi kwamba maandishi ya vibao vya barabarani yalikuwa yanacheza. Naikumbuka siku moja nikiwa nimeipita Magu kuelekea Lamadi, niliposhindwa kabisa kusoma jina la kijiji kwenye kibao hadi nilipokuwa nimebakiza hatua kama ishirini kukifikia, ilhali macho yangu ni mazima na ndiyo yanayosoma milimita kwenye vifaa vya kupimia kila siku ya kazi. Nilipunguza mwendo hadi 65, na kibao kilichofuata kikasomeka vizuri tokea mbali. Hapo ndipo nilipoanza kulichukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu dereva ambaye macho yake yanatikiswa hivyo atachelewa pia kumwona mtoto anayejiandaa kuvuka, au ng'ombe anayepanda tuta la barabara.

Hewa ina uzito, na nguvu yake dhidi ya kitu kinachoikata haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Huku kwetu, ambako uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, mwendo wa kilomita 50 kwa saa unaleta msukumo unaokaribia uzito wa kilo 10 uliotandazwa juu ya mita moja ya mraba, na mwendo wa kilomita 100 unaleta karibu kilo 40. Msukumo huo ukiwa wa namna moja, mwili unauzoea. Mtu anaegemea mbele kidogo na safari inaendelea. Taabu inaanza pale msukumo unapokuja na kuondoka, ukija tena upande mwingine, mara nyingi katika kila sekunde.

Kioo kinapoikata hewa, hewa hiyo inarushwa juu na pembeni, na nyuma ya kioo panabaki nafasi yenye mgandamizo mdogo. Hewa ya jirani haiiachi nafasi hiyo hivi hivi. Inapinda kwenye kingo za kioo na kuirudia, ikijiviringisha kuwa visulisuli vidogo vinavyong'oka kwenye kingo hizo kimoja baada ya kingine. Ni jambo lile lile linalofanya nyaya za umeme ziimbe upepo unapovuma, ambalo Vincenc Strouhal, mwanafizikia wa Kicheki, alilichunguza na kuliandika mwaka 1878. Kwa vitu vingi vya umbo la kawaida, idadi ya visulisuli kwa sekunde inapatikana kwa kuchukua mwendo wa hewa kwa mita kwa sekunde, kuugawanya kwa upana wa kitu, kisha kuchukua sehemu ya tano ya jibu. Kwa kioo chenye upana wa sentimita 40, katika kilomita 100 kwa saa, makadirio hayo yanatoa visulisuli 14 kila sekunde. Mtu ambaye kichwa chake kimekaa pale pale vinapopita anapigwa mara hizo zote, na misuli ya shingo inafanya kazi ya kukirudisha kichwa mahali pake bila mwenyewe kujua, kwa saa tatu mfululizo.

Mimi sikuyajua hayo wakati ule, nikafanya kile ambacho wengi hufanya. Niliagiza kioo kirefu zaidi. Muuzaji alinihakikishia kwamba kwa kioo hicho nitaendesha kama niliye ndani ya gari, nikalipa fedha ambayo ingetosha kununua tairi mbili mpya, nikakifunga kwa furaha, na safari ya kwanza ikaniumiza kuliko zote zilizotangulia. Kioo kilikuwa kimeinua ukingo wa visulisuli kutoka usawa wa kidevu changu hadi usawa wa paji la uso. Zaidi ya hapo, kwa kuwa kilikuwa kipana na kimefungwa bila nafasi yoyote chini yake, eneo lenye mgandamizo mdogo nyuma yake lilikuwa kubwa zaidi, hata nikahisi upepo ukinisukuma kutoka mgongoni kwenda mbele, jambo lililonishangaza sana nilipoligundua mara ya kwanza. Koti langu lilikuwa linavimba kwa nyuma na kunisogeza kwenye tanki.

Aliyenitoa kwenye mkanganyiko huo ni fundi mmoja kijana wa Nyakato, Mwanza, ambaye hajawahi kumiliki pikipiki kubwa lakini ana tabia ya kutazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kushika spana. Nilimweleza kwamba nataka kioo kirefu zaidi ya hicho. Akaizunguka pikipiki, akachuchumaa mbele yake, akapitisha mkono katikati ya shokapu za mbele, juu ya tairi, akaupandisha hadi ukatokea kwenye tanki.

"Mzee, hapa mkono wangu umepita wote," aliniambia. "Kama mkono unapita, upepo je? Kabla hujanunua kingine, toa hiki kwanza uendeshe bila kioo."

Ushauri wa kukitoa kioo kabisa niliuona wa ajabu, ila niliufuata. Jumapili moja alfajiri, kabla upepo wowote haujaamka, nilitoka hadi baada ya Kisesa ambako magari ni machache saa hizo, nikiendesha pikipiki isiyo na kioo. Katika kilomita 90 upepo ulinisukuma kifuani kwa nguvu, mikono ikalazimika kushika usukani kwa kukaza, lakini kichwa kilitulia tuli. Nilivisoma vibao vyote. Hata kelele zilikuwa za namna tofauti, mvumo mmoja ulionyooka usio na mapigo ndani yake. Mpaka leo naamini kwamba kila mwenye pikipiki ya safari anayelalamikia upepo anapaswa kufanya jaribio hili kabla ya kutoa hata shilingi, kwa kuwa linamwonyesha kwa mwili wake mwenyewe tofauti kati ya upepo mwingi na upepo mchafu. Nami nikagundua kwamba upepo mwingi ulikuwa haunisumbui hata nusu ya nilivyodhani.

Baada ya kukirudisha kioo cha zamani, kile kifupi kilichokuja na pikipiki, nilifanya jaribio la pili ambalo halihitaji kifaa chochote. Nikiwa kwenye barabara iliyonyooka na tupu nilisimama kidogo kwenye vikanyagio, magoti yamekunjwa. Mtikiso ukaisha, maana yake kichwa kilikuwa kimetoka juu na kuingia kwenye hewa safi. Nikakaa, ukarudi. Nikajikunja kuelekea tanki, na kichwa kiliposhuka kwa upana wa kiganja kimoja hivi, ukaisha tena, safari hii kwa sababu kilikuwa kimezama kwenye kivuli cha kioo. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa katikati kabisa ya mpaka, mahali pabaya kuliko pote, na nilikuwa na njia mbili za kutoka: kioo kishuke ili kichwa chote kiwe kwenye hewa safi, au kipande hadi kichwa chote kiwe kivulini. Kioo kirefu nilichokinunua kilishindwa kwa sababu kilipanda nusu ya njia tu.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, pengine kwa sababu linafanana na kazi yangu. Nilichukua uzi wa sufu wa kufumia sweta, rangi nyekundu, nikaukata vipande vya urefu wa kidole, nikavibandika kwa selotepu: vitano kwenye ukingo wa juu wa kioo, vitatu kila upande, viwili juu ya tanki na kimoja kwenye kila bega la koti. Mdogo wangu aliendesha gari sambamba nami kwenye kipande kilichonyooka huku mwenzake akiwa amekaa siti ya nyuma akipiga picha za video kwa simu. Tulipoitazama video hiyo taratibu jioni, kila kitu kilikuwa wazi kama ramani. Nyuzi za katikati ya ukingo wa juu zililala nyuma zikiwa zimenyooka. Za pembeni zilikuwa zinazunguka kama mkia wa mbuzi anayefukuza nzi. Lakini zile mbili za juu ya tanki ndizo zilizonifanya niirudishe video mara nne: zilikuwa zimesimama wima, zikielekea juu, moja kwa moja kwenye kidevu cha helmeti yangu. Yule fundi alikuwa ameliona hilo kwa mkono mtupu.

Watengenezaji wakubwa wana vyumba maalumu vya kupimia upepo, na wamekuwa navyo kwa muda mrefu. Moto Guzzi walijenga cha kwao pale Mandello del Lario, Italia, mwaka 1950, na BMW walipotoa R100RS mwaka 1976, umbo la mbele yake lilikuwa limepimwa katika chumba cha upepo cha Pininfarina. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini basi pikipiki ya kisasa imtese mwenyewe. Jibu ninaloliona ni kwamba kioo kinatengenezwa kwa ajili ya mwili wa wastani, na hakuna aliye wa wastani. Mimi nina kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, siti yangu ilishaongezwa sponji na mmiliki aliyetangulia, na helmeti yangu si ile waliyoifikiria wao. Sentimita tatu zinatosha kumtoa mtu kwenye utulivu na kumweka kwenye visulisuli. Ndiyo maana nikiulizwa "ninunue kioo gani" siku hizi sijibu kwa jina. Namwomba mtu apande pikipiki yake, akae anavyokaa safarini, nami nipime kutoka kwenye jicho lake.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Kwa anayetaka kichwa kiwe kivulini, ukingo wa juu wa kioo uwe chini ya mstari wa macho kwa sentimita kama tano, kwa sababu hewa inapouacha ukingo huo inaendelea kupanda kidogo kabla ya kulala, na hivyo inapita juu ya helmeti. Si vizuri kioo kifike juu ya macho hata kama kingetuliza upepo vizuri zaidi. Wale tunaoishi kando ya ziwa tunawajua wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Wakishapasuka kwenye kioo, na taa za lori zikija mbele yako usiku, huoni kitu. Lazima jicho lipite juu ya kioo. Wadudu hao, nitaje hapa hapa, wasisuguliwe wakiwa wakavu. Tandaza kitambaa kilicholowa juu ya kioo kwa dakika chache, wakishalainika watatoka bila kukwaruza, na petroli isiguse kabisa kioo cha polikaboneti, ile plastiki ngumu angavu, maana inakitia nyufa ndogo ndogo zisizofutika. Nimeona vioo vizuri vikiharibiwa hivyo sheli, kwa nia njema ya kijana wa pampu.

Mimi nilichagua njia ya kichwa kuwa kwenye hewa safi, nikabaki na kioo kifupi, kisha nikashughulikia mambo mawili yaliyobaki, ambayo kwa mtazamo wa haraka yanapingana. La kwanza lilikuwa kuruhusu hewa ipite chini ya kioo. Tuliweka washa nene za mpira na bolti ndefu zaidi ili kioo kisimame mbali na bodi kwa sentimita mbili na nusu. Hewa inayoingia hapo inapanda ikiambaa na mgongo wa kioo, inaijaza ile nafasi yenye mgandamizo mdogo, na hewa ya juu haina tena sababu ya kurudi nyuma kwa fujo. Ule msukumo wa mgongoni ulikwisha siku hiyo hiyo. La pili lilikuwa kuziba hewa inayopanda kutoka kwenye shokapu. Nilimuuliza fundi iweje tufungue huku na kuziba kule, naye akanijibu kwa mfano wa jiko la mkaa: mlango wa chini unaachwa wazi mahali moto unapotaka hewa, na tundu lililotoboka ubavuni linazibwa. Hewa ya chini ya kioo inajipanga na kwenda mahali inapohitajika. Hewa ya shokapu inatoka imeshavurugwa na tairi, injini na rejeta, ina joto, na inakutana na kidevu.

Vikingio vya kiwandani vya sehemu hiyo vinauzwa nje kwa bei ambayo sikuwa tayari kuilipa kwa vipande viwili vya plastiki. Tukatumia dumu la njano la lita 20 lililokuwa limepasuka kitako. Fundi alichora kwanza kwenye kadibodi, akaikata, akaishikilia kwenye shokapu huku mimi nikigeuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho ili tuone kama inagusa tanki, bodi au waya wa breki. Iligusa mara tatu. Kila mara aliipunguza kwa mkasi, upana wa ukucha tu, na kunitaka nigeuze tena. Ilipokubali ndipo alipoihamishia kwenye dumu, akakata kwa kisu chenye moto, akachovya vipande kwenye sufuria ya maji yanayochemka hadi plastiki ikalegea, akavikunja juu ya chupa ya soda na kuvishikilia kwa glovu mpaka vikapoa vikiwa na mbinuko aliotaka. Vilifungwa kwa vibano vinne vya chuma vilivyowekewa mpira wa tyubu ndani ili visikwaruze shokapu. Kipimo kile cha kugeuza usukani hadi mwisho, mara kwa mara, ndicho ninachomsihi kila mtu asikiruke, kwa sababu kitu kinachozuia usukani kwenye kona ni hatari kubwa kuliko upepo wote wa Lamadi. Kwa sababu hiyo pia siungi mkono vioo vikubwa vinavyofungwa kwenye usukani wenyewe. Upepo unaokisukuma kioo unausukuma usukani, na pikipiki inaanza kuyumba yenyewe mwendo unapopanda.

Helmeti nayo ina sehemu yake. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa na kibaraza cha mbele cha kuzuia jua, kizuri sana kwenye barabara za vumbi, lakini katika kilomita 90 kilikuwa kinashika upepo kama tanga. Nilikifungua skrubu zake na kukiacha nyumbani. Sponji za mashavuni zilikuwa zimechoka, helmeti ikicheza hata nilipotikisa kichwa nikiwa nimesimama. Helmeti inayocheza inakuza kila pigo, na haimlindi mtu ipasavyo akianguka, kwa hiyo niliibadilisha. Skafu nyembamba inayoziba nafasi ya chini ya kidevu inapunguza kelele kuliko mtu anavyotarajia.

Kuhusu masikio nasema kwa msisitizo, kwa kuwa wengi wanaona ni anasa. Katika mwendo wa barabara kuu kelele za upepo ndani ya helmeti zinaweza kufika desibeli 100. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia afya za wafanyakazi, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Mwanza hadi Musoma ni zaidi ya saa tatu. Vizibo vya sponji, vile wanavyovaa wafanyakazi wa migodini, ni vya bei ndogo na vinatosha: unakisokota kiwe chembamba, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma, unakiingiza na kukishikilia hadi kivimbe. Honi ya lori bado inasikika. Kinachoondoka ni ule mvumo, na uchovu mwingi nilioudhani ni wa mwili unaondoka nao.

Yote hayo yanahusu upepo wa mwendo. Ziwa lina upepo wake, na ndio unaovuruga hesabu zilizokamilika. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa ya ziwani inaingia kushika nafasi. Usiku hadi alfajiri mwelekeo unageuka, na wenye mitumbwi ya tanga wameupangia kazi tangu zamani. Barabara ya Musoma inakwenda mashariki na Ghuba ya Speke ikiwa kushoto, kisha kuanzia Lamadi inageuka kaskazini na ziwa linabaki kushoto vile vile. Anayekwenda mchana anapigwa ubavu wa kushoto, anayerudi mchana anapigwa wa kulia. Uwanda wa Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, hauna kilima wala msitu wa kuuvunja upepo huo. Chukua mwendo wa kilomita 90 na upepo wa ubavuni wa kilomita 30: hewa inayokufikia inakuja kwa pembe ya digrii 18 hivi, na kioo kilichopangwa kwa ajili ya hewa ya mbele sasa kinaelekeza visulisuli vya ukingo wake mmoja kwenye sikio lako la upande wa pili. Dawa ninayoijua ni kuondoka mapema. Nikitoka Mwanza saa kumi na mbili asubuhi, ninaipita Lamadi kabla ziwa halijaanza kupumua.

Kwenye Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 na lenye urefu wa kilomita 3, hakuna mahali pa kujificha, kwa kuwa unapita juu ya maji yenyewe. Hapo napunguza mwendo, nalegeza mikono, nabana tanki kwa magoti na kuiacha pikipiki ijiegemeze kidogo upande wa upepo. Mtu anayekaza mikono anaupeleka kila mtikiso wa mwili wake kwenye usukani. Nguvu ya upepo wa ubavuni si ya kudharauliwa: Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, lilipiga marufuku mwishoni mwa mwaka 1957 yale makava yaliyofunika tairi la mbele lote kwenye pikipiki za mashindano, ingawa yaliongeza kasi sana, na upepo wa pembeni ulikuwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo mwenye wazo la kuongeza plastiki mbele kila anaposumbuliwa na upepo afikirie pia ubavu wa pikipiki yake. Mabasi na malori yanayokuja mbele nayo yanasukuma hewa kisha kuivuta. Ukiyaona, sogea kushoto mapema na ushushe bega.

Kilichobaki ni siti ya nyuma, na hapo sijafanikiwa. Abiria anakaa juu na nyuma zaidi, mahali ambapo hewa iliyopita juu ya kioo na juu ya helmeti yangu inaangukia, kwa hiyo anapokea visulisuli vyangu pamoja na vya kioo. Mke wangu aliniambia tuliposhuka Bunda kunywa chai, "Baba, wewe umejitengenezea, mimi je?" Alikuwa na haki. Tumeondoa boksi la juu lililokuwa nyuma yake, ambalo lilikuwa linairudisha hewa mgongoni na kuifanya pikipiki iyumbe kidogo tukizidi 90, na mizigo tumeihamishia kwenye masanduku ya pembeni, mizito ikiwa chini. Hilo limesaidia kwa kiasi. Sasa fundi anapendekeza tukate sponji ya siti yake kwa sentimita nne ili ashuke kwenye kivuli changu, nami nina shaka kama magoti yake yatavumilia kukunjwa zaidi. Nimeshanunua uzi mwingine wa sufu, wa kijani, na Jumapili ijayo tutambandikia yeye mabegani kabla hatujagusa siti.